Pedo ya Kufunga na Soksi Ndefu: Mwongozo Kamili kwa Waendesha Baiskeli Wakati wa Kipupwe cha Dodoma

Baridi ya Dodoma ni ya asubuhi. Kati ya Juni na Agosti joto la alfajiri hushuka hadi nyuzi 13 au 14 za Selsiasi, na baadhi ya siku chini ya hapo, lakini alasiri ya siku hiyohiyo hupanda tena hadi nyuzi 26 au 27. Anayetembea kwa miguu hujifunika koti akavumilia. Mwenye baiskeli ana shida zaidi, kwa sababu mji upo kwenye uwanda wa wazi, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na pepo za kusi huvuma miezi hiyo kutoka kusini-mashariki bila kizuizi kikubwa. Anayetoka katikati ya mji asubuhi kwenda Mji wa Serikali wa Mtumba, umbali wa takriban kilomita 17 kwa barabara ya Morogoro, mara nyingi hukutana na upepo wa mbisho: akienda kilomita 18 kwa saa dhidi ya upepo wa kilomita 15, magoti yake yanapigwa na hewa inayokwenda kilomita 33 kwa saa.

Suruali ndefu humkinga, lakini pindo lake huchafuliwa na cheni au huliwa nayo, na ifikapo saa nne asubuhi humchemsha. Kaptula humfaa mchana na kumwadhibu alfajiri. Taiti za michezo hufanya kazi vizuri barabarani, ila si kila mtu yuko tayari kuingia nazo ofisini, sokoni au kanisani. Vazi linalotatua mambo haya yote kwa pamoja ni la zamani: suruali fupi iliyo pana mapajani, inayoishia chini kidogo ya goti na kufungwa hapo kwa mkanda mdogo, kifungo au lastiki, ikivaliwa na soksi ndefu zinazopanda hadi magotini. Huko Ulaya na Marekani lilikuwa vazi la kawaida la waendesha baiskeli mwishoni mwa karne ya 19. Kwetu nusu yake ya chini si ngeni, kwani skauti na wanafunzi wamevaa soksi ndefu kwa miaka mingi. Katika mwongozo huu nitaiita pedo ya kufunga, kwa kuwa ukimwambia fundi cherehani hivyo ataelewa upesi unachotaka.

Mambo mawili yanatawala uchaguzi wote. La kwanza ni kwamba pedo hupimwa goti likiwa limekunjwa, kamwe si mtu akiwa amesimama mbele ya kioo. La pili ni kwamba vazi hili huchaguliwa kwa ajili ya saa nne asubuhi kama linavyochaguliwa kwa ajili ya saa kumi na mbili, maana faida yake kubwa hapa kwetu ni kwamba linaweza kufunguliwa njiani bila kuvuliwa.

Hatua ya kwanza: fahamu baridi unayokabiliana nayo

Paja lina misuli mikubwa inayofanya kazi na kuzalisha joto, hivyo halihitaji kitambaa kizito. Goti ni kinyume chake. Limefunikwa na ngozi, kano na mafuta kidogo tu, ndilo linalotangulia kupokea upepo kila linapopanda, na ute unaolainisha kiungo huwa mzito kadiri unavyopoa. Ndiyo sababu waendesha baiskeli wazoefu hufunika magoti joto likiwa chini ya nyuzi 18 hivi, hata kama miili yao haijalalamika. Sehemu ya pili inayodhurika ni ugoko, na ya tatu ni vidole vya miguu, ambavyo hukaa mahali pamoja juu ya pedeli muda wote.

Kwa safari fupi za mjini, kwa mfano kutoka Nkuhungu au Kizota hadi katikati ya mji, pedo ya pamba na soksi nene za kawaida zinatosha. Kwa anayekwenda mbali zaidi ya saa moja, au anayeelekea Singida ambako mwinuko hukaribia mita 1,500 na upepo ni mkali zaidi, sufu inaanza kuwa na maana. Mtihani mgumu kuliko yote ni safari yenye mlima, mathalani kupanda ukingo wa Bonde la Ufa kati ya Bahi na Manyoni, kwa sababu mtu hutokwa na jasho akipanda, kisha akifika juu upepo hulikuta jasho hilo bado limo kwenye nguo. Hapo aina ya kitambaa ina uzito kuliko unene wake.

Hatua ya pili: chagua kitambaa

Sufu ndiyo ya kwanza, na sisemi hivyo kwa mapenzi ya mambo ya kale. Nyuzi za sufu hunyonya mvuke wa maji hadi karibu theluthi moja ya uzito wake kabla hazijaanza kuhisiwa kuwa mbichi, nazo huendelea kuhifadhi joto zikiwa na unyevu. Pamba hunyonya jasho vilevile, lakini hulishikilia karibu na ngozi na kukauka polepole. Poliesta hukauka upesi, ila hushika harufu, na ile nyembamba hupitisha upepo.

Kitambaa cha sufu cha kiasi, kile kinachoshonewa suti, ndicho kinachofaa zaidi kanda ya kati. Sufu nzito ya makoti imeumbwa kwa ajili ya nchi zenye theluji, na hapa utaijutia kabla ya saa tatu. Mahali pa kuitafuta ni kwenye mitumba, kwa mfano katika soko la Sabasaba, ambako suruali za suti huwa nyingi na wanunuzi huzipita wakitafuta jinzi. Lebo ikiwa imekatwa au imefutika, omba ruhusa ya muuzaji uchomoe uzi mmoja kutoka ndani ya mshono na uuchome kwa kiberiti. Sufu hunuka kama nywele zinazoungua, hujizima yenyewe na kuacha majivu meusi yanayosagika kwa vidole. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha majivu laini ya kijivu. Poliesta huyeyuka na kuacha donge gumu lisilovunjika. Uzi ukinuka nywele na bado ukaacha donge, hicho ni kitambaa cha mchanganyiko, na mchanganyiko si kasoro: poliesta kidogo ndani ya sufu huongeza uimara makalioni, mahali ambapo pedo nyingi hufia.

Ukikosa sufu, gabadini ya pamba iliyofumwa kwa kubana ni mbadala mzuri, ikifuatiwa na khaki. Weka kitambaa mdomoni na upulize kwa nguvu: pumzi ikipita bila kizuizi upande wa pili, upepo wa kusi nao utapita. Kodrai ina joto na sura nzuri, lakini mistari yake huisha upesi panapogusana na kiti, na vumbi jekundu hujaa katikati ya mistari hiyo. Jinzi iache. Ni nzito, mishono yake ni minene mahali pale unapokalia, na ikilowa jasho haikauki hadi ufike.

Hatua ya tatu: jipime ukiwa umeketi

Mwombe mtu mwingine akupime, au mpelekee fundi baiskeli yako mlangoni kwake. Fundi wengine hucheka wanapoletewa baiskeli, lakini vipimo vinavyochukuliwa mtu akiwa ameketi juu ya kiti chake, mikono ikiwa kwenye usukani, haviwezi kupatikana kwa njia nyingine.

Pima kwanza mzunguko wa kiuno na wa makalio, kisha paja mahali linapokuwa nene zaidi, huku mguu mmoja ukiwa juu kabisa kwenye pedeli. Pima mzunguko wa goti lililokunjwa, kwa kupitisha utepe juu ya pia ya goti na nyuma yake. Utakuta umezidi kipimo cha goti lililonyooka kwa sentimita kadhaa, na kipimo hiki kikubwa ndicho cha kufuata. Pima mzunguko wa mguu mahali unapopungua, chini ya pia ya goti na juu ya shavu la mguu, kwa kuwa mkanda wa kufungia utakaa hapo. Pima urefu kutoka kiunoni kupitia ubavuni hadi mahali hapo, mguu ukiwa umekunjwa. Mwisho, pima kutoka kiunoni mbele kupitia msambani hadi kiunoni nyuma. Mwendesha baiskeli huinama, na kwa hiyo upande wa nyuma unapaswa kuwa mrefu kuliko wa mbele. Suruali isiyo na urefu huo huacha kiuno wazi, na mgongo ukipigwa na upepo hata pedo nzuri namna gani haitakusaidia.

Ongeza juu ya urefu wa ubavuni sentimita 4 hadi 6, ambazo zitakuwa ulegevu wa kitambaa juu ya goti pedo ikishafungwa. Pasipo ulegevu huo, kila mzunguko wa pedeli huvuta kiuno kushuka. Ukizidisha sana utapata zile suruali za kuvimba za wacheza gofu wa Uingereza wa miaka ya 1920, ambazo kitambaa chake kilining'inia kama sentimita 10 chini ya goti. Zinapendeza kwenye picha, lakini barabarani hukamata upepo na kusugua fremu.

Hatua ya nne: nunua, shonesha au geuza

Pedo za kufunga zilizo tayari hutokea mara mojamoja kwenye marobota ya mitumba, hasa zile za kupandia milima za kutoka Ulaya, na ukiiona inayokutosha usiiache. Usikae ukiisubiri, hata hivyo. Njia iliyo bora kwa gharama na kwa matokeo ni kugeuza suruali ya suti.

Tafuta suruali inayokutosha kiunoni lakini iliyo pana makalioni na mapajani. Zile zenye marinda mawili kila upande, ambazo vijana hawazitaki, ndizo zenyewe. Kagua msambani na nyuma kwa kuzishika dhidi ya jua: mwanga ukipenya kwa vitone, kitambaa kimechoka. Ifue kabla ya kitu chochote, ili kama ni ya kusinyaa isinyae sasa na si baada ya kukatwa. Kisha ivae, keti kwenye baiskeli, na fundi aweke alama ya kukata kiasi cha sentimita 15 hadi 18 chini ya katikati ya pia ya goti. Kipimo hicho huacha nafasi ya ulegevu na ya mshono, na ni rahisi kupunguza baadaye kuliko kuongeza.

Vipande viwili vilivyokatwa usivitupe. Kutoka humo fundi atapata mikanda miwili ya chini yenye upana wa sentimita 3 au 4, kiraka cha kuongezea unene makalioni kwa ndani, na kipande cha pembe nne cha kuwekwa msambani. Kipande hiki cha msambani ni kidogo kwa macho lakini ndicho kinachotofautisha vazi la baiskeli na suruali iliyofupishwa tu, kwani huondoa ile njia panda ambapo mishono minne hukutana chini ya mwili. Mwagize fundi apige overloki kingo zote na kulaza mishono, ili chochote kinachogusa kiti kiwe tambarare. Mpasuko wa sentimita 8 hivi uachwe upande wa nje wa kila mguu, juu ya mkanda, ili pedo iweze kufunguka.

Anayeshonesha mpya anunue mita moja na nusu ya kitambaa chenye upana wa mita moja na nusu. Kwa mtu wa umbo la kati kiasi hicho hutosha na kubaki cha kiraka.

Hatua ya tano: kufunga chini ya goti

Hapa pana jambo la afya ambalo mafundi hawalijui na wavaaji wengi hawaliulizi. Upande wa nje wa mguu, chini kidogo ya goti, utapapasa kinundu cha mfupa. Neva inayoamuru mguu kuinua wayo hupita karibu na kinundu hicho ikiwa chini ya ngozi tu, bila ulinzi wa misuli. Mkanda uliokazwa hapo kwa saa mbili unaweza kuleta ganzi upande wa nje wa ugoko na juu ya wayo. Kwa hiyo bizimu au kifungo kisikae juu ya kinundu chenyewe. Kisogezwe mbele kidogo, na mkanda ukishafungwa vidole viwili vipite chini yake kwa urahisi huku goti likiwa limekunjwa.

Kati ya njia za kufunga, bizimu ndogo ya kuteleza ni bora, kwa sababu hukazwa na kulegezwa kidogokidogo. Vifungo viwili vilivyoachana sentimita 2 vinafuata. Velkro ni rahisi, lakini hujaa vumbi na mbigili, na hukwangua soksi za sufu hadi zitoe manyoya. Lastiki tupu iliyoshonewa ndani ya pindo naikubali kwa mtoto anayekua. Kwa mtu mzima haimruhusu kufungua chochote jua likipanda, na hivyo hupoteza nusu ya maana ya vazi.

Hatua ya sita: soksi

Soksi fupi kuliko inavyotakiwa ni kosa la kawaida zaidi, nalo hugunduliwa mtu akishaondoka nyumbani, pale ukanda mtupu wa ngozi unapojitokeza kati ya soksi na pedo kila goti linapopanda. Keti, pima kutoka sakafuni kisiginoni hadi kwenye mkunjo wa nyuma ya goti, kisha ongeza sentimita 5 za kukunja. Soksi hupanda kwanza, mkanda wa pedo hufungwa juu yake, na sehemu mbili hizo zipishane angalau upana wa vidole vitatu. Kwa Singida au Iringa za mwezi wa Julai, tafuta zinazopita goti na kuingia ndani ya pedo. Goti litakuwa na tabaka mbili na paja litabaki na moja.

Zipo aina tatu zinazopatikana kwa urahisi. Stokingi za shule, nyingi zikiwa za nailoni au akriliki, ni imara na za bei ya chini, lakini ni nyembamba. Zinafaa asubuhi zisizo kali. Soksi za mpira wa miguu hushika mguu vizuri na wayo wake ni mnene, ingawa rangi zake hukufanya uonekane umepotea njia ya uwanjani. Bora kuliko zote ni za sufu, nazo huja kwenye mitumba zikiwa zimeshonewa kwa ajili ya michezo ya theluji, zikiwa na unene wa ziada ugokoni, mahali hasa upepo unapopiga. Chagua zenye nailoni kidogo, kwa kuwa sufu tupu hutoboka kisiginoni. Zipake shavuni kabla ya kununua: zikiwasha shavuni, zitawasha mguuni.

Ukikosa soksi za sufu kabisa, nunua sweta la sufu lenye mikono mirefu, mpe mfumaji wa masweta ya shule akate mikono na kumalizia kingo. Utapata mirija miwili ya kuvaa juu ya soksi fupi za kawaida, kutoka kifundo cha mguu hadi goti, na mirija hiyo huvuliwa bila kuvua viatu.

Unene una mpaka wake, na mpaka huo ni kiatu. Soksi nene ndani ya kiatu kinachobana hubana damu pia, na vidole vitapoa kuliko ambavyo vingepoa kwa soksi nyembamba. Ukishavaa, vidole vyote vitano vichezeke. Kuhusu rangi, nyeupe itakuwa ya kutu kabla ya mwisho wa wiki. Kijivu, kahawia na kijani ya jeshi huficha vumbi la Dodoma. Mwezi Julai jua hapa huchomoza karibu saa kumi na mbili na dakika 45, hivyo wanaotoka mapema wako gizani. Shonea ukanda wa kung'aa upande wa nyuma wa soksi, juu ya kifundo, kwa sababu mwanga unaopanda na kushuka humwambia dereva mara moja kwamba mbele yake kuna mtu anayeendesha baiskeli.

Ili soksi zisiteleze, lastiki pana ya sentimita 2 inatosha, ikikaa chini ya mkunjo wa soksi. Pima ulegevu wake kwa vidole viwili kama mkanda wa pedo, na usiviweke vyote viwili mahali pamoja.

Kwa wanawake

Huko Uingereza vazi hili lilileta ugomvi mkubwa kwa wanawake katika miaka ya 1890. Mwaka 1898 Lady Harberton, mtetezi wa mavazi huru ya wanawake, alikataliwa kuhudumiwa katika ukumbi wa kahawa wa hoteli moja ya Surrey kwa sababu alivaa suruali ya namna hii, na kesi iliyofuata hapo dhidi ya mwenye hoteli ilishindwa. Kwetu pedo yenyewe haishangazi, ila staha inaweza kudai nguo ya juu. Kanga iliyofungwa kiunoni huingia kwenye spoku. Kinachofaa ni gauni au shati refu linaloishia juu ya goti, lenye mipasuo pembeni, likivaliwa juu ya pedo. Kanga ikae kwenye kikapu hadi ufike. Upande wa makalio uongezwe upana zaidi ya vipimo nilivyotaja, na mfuko mmoja wenye zipu ushonwe mbele ya paja.

Hatua ya saba: jaribu kabla ya kuitegemea

Vaa kila kitu, pamoja na bukta ya ndani yenye pedi kama huwa unaitumia, na uzunguke kwa nusu saa mahali penye mwinuko, kwa mfano barabara za kuelekea Chuo Kikuu cha Dodoma. Simama juu ya pedeli, keti, geuka kutazama nyuma. Kiuno kisishuke, mkanda usipande juu ya goti, na kitambaa kisiguse cheni wala fremu. Ukishuka, angalia ngozi: alama nyekundu ya mkanda iwe imefifia ndani ya dakika chache. Isipofifia, sogeza bizimu.

Njiani jua likipanda, anza na mkanda wa chini. Ufungue na hewa ipite pajani. Baadaye shusha soksi hadi kifundoni, na ukishafika weka lastiki mfukoni na upandishe soksi tena. Utaonekana umevaa kwa heshima mbele ya yeyote.

Matunzo

Sufu haihitaji kufuliwa kila siku. Ianike kivulini penye upepo na vumbi likung'utwe likiwa kavu, kwa maana vumbi lililoloweshwa hugeuka tope ndani ya nyuzi. Mbigili zichomolewe kabla ya kufua. Fua kwa maji ya baridi au vuguvugu na sabuni laini, bila kusugua na bila kukamua kwa kusokota. Viringisha vazi ndani ya taulo, likanyage, kisha lilaze juu ya mkeka. Maji ya moto pamoja na kusugua huzifanya nyuzi zigandamane, na soksi ya mtu mzima itatoka ikimtosha mtoto. Mafuta ya cheni yaondolewe kwanza kwa sabuni ya vyombo.

Kipupwe kikiisha, fua kila kitu kabla ya kuhifadhi, kwa sababu viluwiluwi vya nondo huvutwa zaidi na sufu yenye jasho. Funga kwenye mfuko usiopitisha hewa pamoja na majani makavu ya muarobaini, na uukague mfuko huo mara moja wakati wa masika.